Maswali Yenu: Mgonjwa wa kwenye kompyuta anamfunza nini mwanafunzi wa afya ya akili?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za jambo moja, hivi vyuo vimeanza kuwapa wanafunzi wetu wagonjwa wa kwenye kompyuta wajifunzie kabla hawajaingia wodini. Nimechukua chache, majina nimeyatoa. Wengine nitawajibu toleo lijalo inshallah.

*Shikamoo shangazi. Nasomea uuguzi hapa Lamu na karibu tunaingia zamu ya afya ya akili. Mwalimu katuletea programu, kuna mtu wa kuchora anakaa kwenye skrini unamuuliza anakujibu, eti ana huzuni kapoteza kazi. Mimi naona tunapotezeana wakati tu, kwa nini tusingoje tuone wagonjwa wenyewe? Na pia naona haya kuongea na laptopu wenzangu wakinitizama. – Mwanafunzi, Langoni*

Marahaba mwanangu. Hebu fikiria hiyo wodi kwanza. Mnaingia wanafunzi wengi kwa zamu moja, mgonjwa ni yuleyule, asubuhi kaulizwa na huyu, saa nne yule, mchana mwingine tena, na kila mmoja anataka aelezwe upya siku aliyotaka kufa. Huyo mtu kaja kutibiwa, hakuja kufundishia. Na wewe kama mara ya kwanza kulitamka swali la kujiua maishani mwako ni mbele ya mtu ambaye kweli anataka kujiua basi ulimi utakuganda, utaruka uulize habari za usingizi, na yeye atajua papo hapo kwamba neno hili halisemeki mbele yako. Hakuna anayefunzwa kushika usukani wa mashua kwa kuanzia mlango wa bahari wa Mkanda wakati wa kusi.

Na wala si kitu cha juzi. Mwaka 1963 kule Los Angeles daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, Howard Barrows, alimchukua mtu mzima wa afya akamfunza aigize mgonjwa ili wanafunzi wake wampime, wakubwa wenzake wengi hawakupenda lakini leo vyuo vya udaktari dunia nzima vinafanya hivo. Alafu mwaka 1972 Kenneth Colby, daktari wa akili wa Stanford, akatengeneza programu aliyoiita PARRY, mgonjwa mwenye shaka na kila mtu, anayeamini wahuni wa kamari ya farasi wanamwinda. Kilichonivutia mimi ni kwamba PARRY alikuwa na vipimo vya ndani vya hasira, woga na kutoamini, ukimuuliza vibaya vinapanda na majibu yake yanageuka, ukimwendea taratibu vinashuka. Madaktari wa akili walipewa mazungumzo yake na ya wagonjwa wa kweli wakashindwa kutofautisha. Miaka ya 2007 na 2008 chuo cha Southern California wakaja na Justin, kijana mkorofi wa kwenye skrini anayeongea kwa sauti, na Justina, msichana aliyeshambuliwa. Sa huyo wa kwenu ana ukoo mrefu.

Faida yake ni nini? Ni kwamba unaweza ukamkosea. Unamuuliza kwa pupa anafunga mdomo, unarudi mwanzo unajaribu njia nyingine, hakuna aliyeumia. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 51 ya wagonjwa wa namna hii katika mafunzo ya afya, wakakuta kwa upande wa kujua mambo hakuna tofauti kubwa na darasa la kawaida, lakini kwa upande wa kufanya, yaani ustadi wenyewe, waliotumia wagonjwa hawa walikuwa mbele. Ndo maana nakwambia usikae nayo kusoma tu, itumie kuzoesha mdomo. Usichape maswali kimyakimya, yatamke. Kaa na mwenzako mmoja mnayeaminiana, mlango mmeurudisha, haya zitaisha.

Na jambo moja nataka ulizoee kabla hujaingia wodini. Hapa kwetu ukimuuliza mama wa Kiislamu kama amefikiria kujiua, mara nyingi jibu la kwanza ni "astaghfirullah, hiyo ni haramu." Mwanafunzi anapumua, anaweka alama kwenye hapana, anaendelea mbele. Jamani hiyo si hapana! Hajakujibu, amekwambia hukumu ya dini tu. Rudi polepole: "Najua mama, na wala siulizi umefanya nini, nauliza tu kama kuna siku unatamani ulale usiamke?" Akinyamaza ngoja, hesabu kumi kimoyomoyo usiseme kitu. Alafu uliza kama wazo la kujidhuru limewahi kumjia, alafu kama amefikiria kwa njia gani, alafu kama hiyo njia iko karibu naye nyumbani. Usiogope kwamba utamtia wazo ambalo hakuwa nalo, hilo limetafitiwa sana na haikuonekana kwamba kuuliza kunaongeza hatari, wengi wanashukuru kwamba hatimaye kuna mtu kauliza.

*Bi mkubwa, asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu hapa Malindi. Programu tulizonazo zote ni za nje, mgonjwa anakuja peke yake, anaongea Kiingereza safi, anasema mwenyewe kwamba ana dipresheni, anakunywa pombe baa akirudi ofisini. Wanafunzi wanafaulu vizuri kwenye kompyuta wakifika kliniki wanapotea. Pesa ya kutengeneza zetu hatuna. Tufanyeje?*

Waalaykum salaam mwalimu, na ahsante sana, manake barua yako ndo imenifanya niandike safu nzima juu ya jambo hili. Mwanafunzi akifunzwa na mgonjwa ambaye haongei kama watu wetu basi anazoea kusikiliza watu ambao hawatakuja kliniki yake kamwe. Hakuna mtu wa mtaa wa Barani au Shella atakayekwambia nina dipresheni. Atakwambia mwili umechoka, kichwa chauma, usingizi hauji, moyo wanienda mbio, chakula hakipiti. Ameshapimwa malaria mara kadhaa, ameshakunywa kombe, yale maji ya aya za Kurani, ameshasomewa, na alipofika kwako yuko na watu wengine.

Hilo la watu wengine ndo programu za nje hazina kabisa. Chukua mfano wa mama aliye ndani ya arubaini, kajifungua wiki tatu zilizopita, kaja na mama mkwe wake. Mwanafunzi anauliza, "Mama, unajisikiaje?" Mama mkwe anajibu, "Hana kitu, mtoto analia usiku tu." Anauliza tena, "Unakula?" Mama mkwe, "Anakula, mimi mwenyewe nampikia." Mama mwenyewe anatizama sakafu na mtoto kalala kwa mama mkwe, yeye hajamgusa tangu waingie. Hapo mwanafunzi afanye nini? Akimwambia mama mkwe atoke nje kavunja heshima na hatarudi kliniki hiyo. Akiendelea hivohivo hatasikia chochote. Njia moja ni kumshukuru mzee kwanza, kumuuliza yeye ameona nini, manake kweli ameona mengi, alafu kusema nahitaji kumpima mama presha na uzito chumba cha pili, mwenzangu atakaa na wewe na mtoto. Kesi hii moja tu ukiiandika vizuri inafunza kuliko wagonjwa kumi wa programu za nje.

Sasa kuandika. Huhitaji pesa mwanzo mwalimu, unahitaji karatasi na watu wanaoijua kliniki. Andika mgonjwa wako kwa tabaka. La juu ni anachosema akiulizwa na yeyote. La pili ni anachosema akishaona hujamcheka. La chini ni kile asichosema mpaka uulize kwa namna fulani, na iandike hiyo namna ni ipi. Alafu andika kinachomfunga mdomo: kuitwa mwendawazimu, kuulizwa habari za ndoa mbele ya watu, kuambiwa mambo ya majini ni upuuzi. Kwa mfano akisema ndugu zake wanaona ni jini, programu imruhusu mwanafunzi kuchagua kati ya kupinga, kunyamaza, au kuuliza "na wewe mwenyewe unaonaje?", na kila njia impeleke mahali tofauti. Hayo matawi unaweza kuyaweka kwenye fomu za bure za mtandaoni, ukibonyeza jibu unapelekwa ukurasa mwingine, mwanafunzi anafungua kwenye simu yake.

Kesi nyingine usiiache Malindi hii ni ya kijana anayetumia unga, yaani heroini. Vitabu vinataja dalili za kukosa opioidi, yeye atakwambia ana arosto, mifupa inauma, makamasi yanamtoka, anapiga miayo, anatetemeka. Atasema amewacha. Kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, iko hapahapa na wahudumu wake wanajua kijana anaongea vipi akiwa bado anaamua kama atakuamini, waite wakusomee kesi yako kabla hujaipeleka darasani. Na wale waliopitia, waliopona, waite pia, na uwalipe muda wao. Mwanafunzi asiyejua kete, kile kifurushi kidogo cha unga, ni nini atauliza "unatumia kiasi gani" na hatalielewa jibu.

Kitu kimoja cha sheria ukiangalie. Kesi za zamani zina mstari wa kumripoti polisi mtu aliyejaribu kujiua, manake kifungu 226 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kilifanya hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Lakini woga mitaani bado upo, kwa iyo mfanye mgonjwa wako aulize "utaniitia polisi?" na mwanafunzi awe na jibu lililo tayari kinywani.

Na mwisho wa kila kesi kaeni chini muongee, mwalimu na wanafunzi, nani aliona nini, kwa nini ulinyamaza pale, yeye alisikiaje. Kama kesi ni dakika kumi na tano basi mazungumzo yawe nusu saa. Nimeona vyuo vinanunua programu, wanafunzi wanacheza peke yao usiku, mashine inatoa asilimia themanini, basi imeisha. Hiyo asilimia haijui kama alimtizama mtu usoni.

*Shangazi, mimi niliugua miaka ya nyuma, nilikuwa nasikia sauti, saa hizi nimepona naendelea na dawa na nafanya kazi yangu. Walimu wa chuo wameniomba habari yangu waifanye mgonjwa wa kompyuta, wamesema watabadilisha jina. Mume wangu hataki. Mimi nataka kusaidia. – Mama wa Shella*

Dada yangu, nia yako ni njema na mume wako pia ana haki ya kuogopa, wala hamjapingana. Shella ni ndogo. Ukibadilisha jina ukabakisha kwamba ni mama wa watoto wanne, mume fundi mashua, aliugua baada ya msiba fulani, kila mtu kuanzia Shella mpaka Langoni atajua ni nani kabla mwanafunzi wa kwanza hajamaliza kesi. Na wanafunzi wenyewe ni watoto wa hapahapa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, kwa iyo ruhusa yako iwe ya maandishi na iseme itatumika wapi, kwa muda gani, na vipi utaiondoa ukibadilisha mawazo. Wakikwambia ikishaingia kwenye kompyuta haitoki, usitie saini.

Lakini kuna njia ninayoipenda zaidi. Usitoe kisa chako, toa ujuzi wako. Waandike wao mgonjwa wa kubuni, mwanamume, wa Mpeketoni au popote, alafu wewe uwe ndiye wa kuwaambia hapa mmekosea, mtu anayesikia sauti hasemi hivi, hapa angewadanganya, swali hili linaumiza. Hakuna mwalimu anayeweza kuwafanyia hilo isipokuwa aliyepitia. Na walipe, usione vibaya kudai, wanamlipa aliyewauzia programu.

*Mimi ni kijana wa Watamu mwaka wa pili saikolojia. Kwani kuna haja gani ya hizi programu wakati unaweza kuiambia ChatGPT "jifanye mgonjwa mwenye wasiwasi" na inafanya bure?*

Inafanya, na nimekaa nayo nimeijaribu, na Kiswahili chake kwa kuongea si kibaya. Tatizo lake ni kwamba inapenda kukuridhisha. Unauliza swali moja inamwaga maisha yake yote, ukimshauri kitu kidogo anasema ahsante sana daktari najisikia nafuu. Ukizoea mgonjwa wa hivo, yule wa kweli anayekwambia "sijui" mara saba utamwona mkaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Carnegie Mellon huko Marekani walilishughulikia hilo hasa, mfumo wao unaitwa PATIENT-Ψ, walimpa kila mgonjwa ramani ya imani zake za ndani kwa mtindo wa tiba ile tunayoiita CBT, tiba ya mazungumzo ya kubadilisha fikra na tabia, alafu wakamchagulia namna ya kuongea, mnyamavu, mwenye hasira, anayezunguka mada, anayekubali kila kitu ili kukupendeza. Nawe unaweza kufanya kidogo kama hivo. Iandikie maagizo marefu: jibu kwa maneno machache, usikubali una shida, usitaje kuhusu marehemu baba mpaka niulize kuhusu nyumbani, kasirika nikikuhubiria.

Mambo mawili usiyafanye. Usiingize hata siku moja habari za mtu uliyemwona kliniki, hata bila jina. Na usiiulize yenyewe kama ulifanya vizuri ukaamini, itakusifu. Mpelekee mwalimu wako yale mazungumzo.

*Tulivalishwa hedifoni zikawa zinatoa sauti za kututukana huku tunajaza fomu, ili tujue wagonjwa wanasikia nini. Wenzangu wengine walitoka wakasema kumbe hawa watu wanatisha. Na mimi usiku sikulala, binamu yangu aliugua hivo na alijitoa uhai. Sikumwambia mtu. – Msomaji, Malindi*

Pole sana mwanangu. Pole kwa binamu yako, na pole kwamba ulikaa na hilo peke yako chumba kizima kikiwa hakijui.

La wenzako kwanza kwa ufupi: limeshaonekana kwenye tafiti za hizo hedifoni, huruma inaongezeka lakini na hamu ya kukaa mbali na mgonjwa inaongezeka pia. Sababu ni rahisi, umepewa mateso yake dakika chache bila kumwona mtu anayeishi nayo, anayepika, anayefanya kazi, anayecheka. Zoezi hilo lisifanyike bila mtu kama huyo kuja kuongea na nyinyi baadaye, mwambie mwalimu shangazi kasema.

Sasa wewe. Zoezi lolote la kujiua au la sauti, mwalimu anatakiwa aseme mapema litakuwa na nini, na mwanafunzi aruhusiwe kutoka bila kueleza sababu na bila kukatwa alama. Darasani kila mara kuna mtu kama wewe, kila mara. Hukufanya chochote kibaya kwa kuumia, na wala haimaanishi kazi hii haikufai, nawajua wauguzi wa akili wazuri sana walioingia kwa mlango huohuo. Lakini usilibebe peke yako. Mwambie mwalimu mmoja unayemwamini, wiki hii, si ukimaliza mtihani. Na usiku ukizidi piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu, haina malipo, kuna mtu atakusikiliza. Kama na wewe mawazo ya kufa yanakujia, waambie hivohivo kwa maneno hayohayo, usiyapambe. Na niandikie tena mimi.

*Shangazi sisi tuko Faza, netiweki inakuja na kuondoka, laptopu ziko mbili. Tumeachwa nyuma? – Wanafunzi watatu*

Hapana. Mko watatu, mnatosha. Mmoja awe mgonjwa, mmoja mhudumu, mmoja akae pembeni aandike tu anachokiona, dakika kumi, alafu mzunguke. Anayekuwa mgonjwa apewe karatasi yenye yale matabaka niliyomwandikia mwalimu wa Malindi na asiionyeshe. Kesi ya mama mkwe inataka wa nne, mtafuteni mtu mzima mwenye subira awachezee, wengi wataifanya vizuri kuliko mnavyodhani. Netiweki ikirudi zijaribuni hizo fomu za mtandaoni kwenye simu, alafu nitumieni kesi mliyoandika wenyewe kwa Kiswahili cha huko kwenu, nitaisoma nitawarudishia na alama za kalamu nyekundu.